Lango la Anga la Pwani: Uwanja wa Ndege wa Mombasa na Watu wa Milima ya Taita

Kati ya kaunti sita za Pwani ya Kenya, Taita Taveta ndiyo pekee isiyogusa Bahari ya Hindi, na hata hivyo maisha ya wakazi wake yamefungamana na bahari kwa njia ambazo haziwi wazi kwa anayeitazama ramani peke yake. Mkulima wa Werugha, katika miinuko ya Dawida juu ya Wundanyi, analima kabichi, nyanya na pilipili hoho kwenye matuta yanayopata mvua na ukungu, kisha mazao hayo hushuka kwa gari hadi Mwatate na Voi na kuendelea hadi soko la Kongowea mjini Mombasa, safari ya karibu kilomita 200. Bei atakayoipata huko hutegemea mambo mengi, na mojawapo ni idadi ya wageni waliolala katika hoteli za Pwani wiki hiyo, ambao wengi wao, hasa wanaotoka ng'ambo, huingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi ulioko Port Reitz, upande wa Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa.

Kwa kawaida uwanja huo hutajwa kama lango la watalii wa Diani, Nyali na Watamu, na maboresho yake hupimwa kwa ukubwa wa jengo la abiria na idadi ya ndege zinazotua. Makala haya yanaufuatilia tangu kuingia kwa ndege za kwanza katika eneo hili, karne moja na zaidi iliyopita, yanaeleza mambo ya kiufundi yanayoufanya uwe ulivyo, na yanashikilia kwamba uwanja wa mkoa hauwezi kuhesabiwa kuwa wa kisasa mpaka uwafae watu wa bara lililo nyuma yake, wakiwamo wale wa Werugha na Voi, ambao wengi wao hawajapanda ndege hata mara moja.

Ndege za vita katika nyika ya Maktau

Historia ya usafiri wa anga katika sehemu hii ya Kenya ilianzia kwenye nyika kavu ya Maktau, magharibi ya Mwatate, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati Mombasa yenyewe ilikuwa bado haijulikani kwa ndege. Majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika ya leo yaliiteka Taveta mnamo Agosti 1914 na kujiimarisha katika kilima cha Salaita, na kutoka huko vikosi vyao vidogo viliweza kuivuka nyika na kuihujumu reli ya Uganda iliyopita Voi. Ili kuwakabili, Waingereza walijenga mwaka 1915 reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau, njia ambayo baadaye iliendelezwa hadi kuungana na reli ya upande wa Moshi, na wakaweka kambi kubwa kando yake.

Tatizo kubwa la makamanda wa pande zote mbili lilikuwa kutoona, kwa kuwa vichaka vya miiba viliwaficha askari hata waliokuwa karibu, na maji yalikuwa haba kiasi kwamba doria ndefu za miguu zilikuwa za hatari. Jibu lilipatikana kwa ndege. Mnamo Julai 1915 marubani wa jeshi la majini la Uingereza, wakiruka kutoka kiwanja kilichofyekwa katika kisiwa cha Mafia, walikuwa wameelekeza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika delta ya Rufiji, na baada ya kazi hiyo kukamilika baadhi yao, wakiongozwa na J. T. Cull, walihamishiwa Maktau wakiwa na ndege za aina ya Caudron. Ndege hizo zilikuwa na fremu ya mbao iliyofunikwa kitambaa, injini zao zilikuwa na nguvu ndogo, na jua la nyika lilikausha mbao na kulegeza viungo. Kazi yao kubwa ilikuwa upelelezi, yaani kuruka juu ya ngome za adui, kuchora au kupiga picha mahandaki yake, na kurejea na habari kabla ya mashambulizi.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa kwa sehemu kubwa na Waafrika Kusini, kiliteremka Mombasa na kupelekwa Mbuyuni, mbele kidogo ya Maktau, nacho kikashiriki katika kampeni ambayo chini ya Jan Smuts iliwaondoa Wajerumani Taveta baada ya mapigano ya Salaita ya Februari 12 na yale ya vilima vya Latema na Reata mwezi Machi. Vita viliposogea kusini, viwanja vya Maktau na Mbuyuni vilipoteza kazi yake. Hapo ndipo penye funzo la kwanza la historia hii: kiwanja kilichojengwa kwa haja ya mgeni wa muda, bila kuunganishwa na shughuli za wenyeji, hurudi kuwa nyika pindi mgeni anapoondoka, hata kama kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki.

Kutoka ndege za posta hadi kambi ya wanamaji

Usafiri wa anga wa kiraia ulianza miaka kumi na zaidi baada ya vita hivyo. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha jijini Nairobi kampuni ya Wilson Airways, iliyosafirisha abiria na barua katika miji ya Afrika Mashariki, ikiwamo Mombasa, kwa ndege ndogo zilizoweza kutua kwenye viwanja vya nyasi. Jina la mwanzilishi huyo limebaki katika Uwanja wa Wilson wa Nairobi, ambao hadi leo ni kituo cha ndege ndogo ziendazo mbugani na Pwani.

Mombasa ilipata nafasi katika ramani ya anga ya dunia mwaka 1937, wakati shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipohamishia safari zake za Afrika kwenye ndege za majini, yaani ndege kubwa zenye tumbo la umbo la mashua, zilizotua na kupaa juu ya maji ya ziwa, mto au bandari. Safari hiyo ya siku kadhaa ilitoka Southampton, ikafuata mto Nile hadi Kisumu, ikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na kuishia Durban. Ndege za namna hiyo hazikuhitaji njia ndefu ya lami, kwa hiyo bandari yenye maji tulivu kama ya Mombasa ilitosha, na ndiyo sababu mji uliokuwa na sifa ya bandari kwa karne nyingi uliweza kupokea ndege za kimataifa kabla ya kuwa na uwanja mkubwa wa nchi kavu.

Vita Vikuu vya Pili viliibadilisha hali hiyo upesi. Wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walijenga uwanja Port Reitz, kando ya hori lililopewa jina la Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824 na kufariki mwaka uo huo. Umuhimu wa uwanja huo ulikua baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo na Trincomalee mnamo Aprili 1942, kwani manowari za Uingereza zilizokuwa zikilinda Bahari ya Hindi zilirudi nyuma hadi Kilindini, na ndege za kikosi cha majini zikahitaji mahali pa kutua, kutengenezwa na kuhifadhiwa karibu na bandari. Uwanja wa Mombasa ulizaliwa basi kama msaidizi wa bandari, na asili hiyo inaeleza kwa nini ulikaa bara magharibi ya kisiwa, karibu na reli na maji ya kina, na wala si karibu na fukwe ambazo baadaye zingeupatia wateja wengi.

Shirika la pamoja, uhuru na jina jipya

Januari 1, 1946 lilianza kazi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likitumia kwanza ndege ndogo za mbao na kitambaa zilizoitwa Dragon Rapide. Kwa shirika hilo Mombasa ilikuwa kituo cha lazima katika njia ya kwenda Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Hata hivyo safari za mbali zilikusanywa Nairobi, hasa baada ya Uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa kazi ya mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, kufunguliwa mwaka 1958 ukiwa na njia ndefu ya kufaa ndege za jeti. Kuanzia hapo msafiri wa ng'ambo aliyetaka kufika Pwani alilazimika, mara nyingi, kupitia Nairobi kwanza, na mgawanyo huo wa kazi kati ya mji mkuu na mji wa bahari umeendelea kuathiri uwanja wa Mombasa hadi leo.

Mambo mawili yaliibadilisha hali hiyo katika miaka ya 1970. La kwanza lilikuwa kukua kwa utalii wa fukwe, ambao uliwavutia wasafirishaji wa Ulaya kuleta ndege za kukodi, yaani ndege zisizofuata ratiba ya kawaida bali zinazokodiwa na kampuni ya utalii ili zilete kundi zima la wageni moja kwa moja hadi mahali pa mapumziko. La pili lilikuwa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kulikoliua shirika la pamoja la ndege na kuilazimu Kenya kuanzisha Kenya Airways mwezi Januari mwaka huo, na kuanza safari zake Februari 4. Nchi ikiwa na shirika lake na wageni wakitaka kufika baharini bila kupitia Nairobi, uwanja wa Port Reitz ulipanuliwa ili upokee ndege kubwa, na mwishoni mwa muongo huo ukapewa hadhi ya kimataifa na jina la Rais Daniel arap Moi, aliyeshika madaraka mwaka 1978.

Pepo za msimu, joto na urefu wa njia

Ili kuelewa thamani ya uwanja huu, ni vyema kueleza namna maumbile ya mahali yanavyoamua kazi ya ndege. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu upepo unaokuja kutoka mbele huyaongezea mabawa nguvu ya kuinua bila ndege kuongeza mwendo wake juu ya ardhi. Njia kuu ya Mombasa ina majina mawili, 03 na 21, ambayo ni ufupisho wa nyuzi 30 na nyuzi 210 za dira, maana yake kwamba upande mmoja huelekea kaskazini-kaskazini-mashariki na wa pili kusini-kusini-magharibi. Mwelekeo huo unalingana kwa kiasi kikubwa na pepo za msimu za Bahari ya Hindi, kaskazi inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka na kusi inayotawala katikati ya mwaka, zile zile zilizoongoza majahazi ya Lamu, Mombasa na Zanzibar katika biashara na Arabuni. Njia ya pili, fupi na isiyofika kilomita moja na nusu, imekatiza upande mwingine na hufaa ndege ndogo upepo unapobadilika.

Urefu wa njia kuu ni meta 3,350, na uwanja wenyewe uko takriban meta 60 tu juu ya usawa wa bahari, tofauti na Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi ulioinuka zaidi ya meta 1,600. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kiufundi, kwani hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na katika hewa nyepesi mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hutoa msukumo mdogo, hivyo ndege inayopaa Nairobi huhitaji njia ndefu zaidi au kubeba mzigo mdogo zaidi. Joto la Mombasa hupunguza sehemu ya faida hiyo, kwa maana hewa ya moto nayo ni nyepesi, lakini kwa jumla ndege inayoondoka karibu na usawa wa bahari inaweza kubeba mafuta na shehena nyingi kwa safari ndefu. Kwa lugha ya biashara, maumbile yameipa Pwani uwanja wenye sifa nzuri ya kusafirisha mizigo mizito, na bado sehemu kubwa mno ya maua na mboga za Kenya zinazouzwa ng'ambo kwa ndege hupakiwa Nairobi.

Hali ya Pwani ina gharama zake pia. Chumvi ya bahari na unyevu hula nyaya, vyuma na vifaa vya taa kwa kasi, na mvua za masika, ambazo Mombasa hukolea mwezi Mei, zinaweza kuacha tabaka la maji juu ya lami. Tabaka hilo likizidi, matairi ya ndege huteleza juu ya maji bila kugusa lami, hivyo breki hukosa nguvu. Kwa sababu hiyo mifereji ya kuondoa maji, ambayo abiria hawaioni na wanasiasa hawaizindui kwa sherehe, ni sehemu muhimu ya usalama sawa na injini ya ndege yenyewe.

Misukosuko na uwezo wa kuistahimili

Tangu miaka ya 1990 uwanja huu umekuwa ukipita kati ya neema na dhiki kwa zamu. Mwezi Agosti 1992 ulifanywa kituo cha operesheni ya kimataifa ya kupeleka chakula Somalia, ndege za uchukuzi za jeshi la Marekani zikiondoka Mombasa kuelekea maeneo yenye njaa, na katika muongo huo huo jengo la abiria lilipanuliwa na kuboreshwa kwa mkopo kutoka Japani. Lakini machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii wengi, na Novemba 28, 2002 magaidi walirusha makombora mawili dhidi ya ndege ya shirika la Arkia la Israeli ilipokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Makombora yaliikosa ndege hiyo na abiria wake wote wakanusurika, ilhali shambulio la bomu lililofanywa asubuhi iyo hiyo katika hoteli moja ya Kikambala liliua watu 13, kumi kati yao wakiwa Wakenya.

Mwezi Mei 2014, kufuatia onyo la usafiri lililotolewa na serikali ya Uingereza, kampuni ya Thomson iliwarudisha nyumbani mamia ya wateja wake na kusitisha safari za Mombasa kwa miezi kadhaa, na mnamo Machi 2020 ugonjwa wa korona ukazifunga anga za Kenya kwa safari za kimataifa hadi Agosti 1. Katika kila tukio la namna hiyo hasara ilipanda kutoka fukweni hadi milimani. Watalii wanaoshuka Mombasa ndio pia wanaokwenda Tsavo Mashariki kupitia malango ya Bachuma na Voi, ndio wanaolala katika hoteli za Taita Hills na Salt Lick, na ndio wanaoingia katika hifadhi ya jamii ya LUMO, iliyoundwa na mashamba ya mifugo ya Lualenyi, Mramba na Oza. Ndege zinaposimama, waongozaji watalii wa Voi hukosa kazi, na hoteli za Pwani hupunguza mboga zinazonunua.

Matukio mengine yameonyesha kwamba uwanja wa mkoa una kazi ambayo haiwezi kupimwa kwa idadi ya abiria wake. Moto ulipoteketeza ukumbi wa wasafiri wa kimataifa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta asubuhi ya Agosti 7, 2013, baadhi ya ndege zilizokuwa angani zilielekezwa Mombasa, na mnamo Desemba 20, 2015 ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris ilitua hapo kwa dharura baada ya kitu kilichoshukiwa kuwa bomu kuonekana chooni, kitu ambacho baadaye kilibainika kutokuwa na hatari. Sheria za usafiri wa anga humtaka rubani abebe mafuta ya kutosha kufika uwanja mbadala iwapo ule alioukusudia utafungwa, kwa hiyo uwanja mzuri wa Mombasa ni bima kwa kila ndege inayokwenda Nairobi, hata ile isiyokusudia kamwe kutua Pwani.

Kinachoitwa uboreshaji

Usimamizi wa viwanja vya umma uliwekwa mwaka 1991 chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, KAA, na mwaka 2002 ukaguzi wa usalama, utoaji wa leseni na uongozaji wa ndege angani vikakabidhiwa chombo kingine, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA. Mgawanyo huo unafuata kanuni inayokubalika duniani, kwamba anayeendesha uwanja na kukusanya ada zake asiwe ndiye anayejikagua mwenyewe. Vyombo vyote viwili hufanya kazi kwa viwango vya shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944.

Mradi mkubwa wa miaka ya karibuni ulipata mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na kazi yake, iliyopewa kampuni ya Sogea-Satom, ilihusu njia ya kurukia, barabara za ndani zinazopitisha ndege, taa, umeme, maji na mifereji. Orodha hiyo haina mvuto wa kioo na marumaru, lakini ndiyo moyo wa uwanja. Lami ya njia huchoka kwa uzito wa ndege, joto na mpira unaoyeyuka kutoka matairini, hivyo tabaka la juu halina budi kuondolewa na kutandazwa upya kwa vipindi, kazi ambayo uwanja wenye njia moja kubwa hulazimika kuifanya kwa zamu, mara nyingi usiku, ili njia ifunguliwe tena kwa ndege za asubuhi. Taa nazo humwongoza rubani kwa lugha yake: kando ya njia huwekwa taa nne ambazo, ndege ikishuka kwa pembe sahihi, huonekana mbili nyeupe na mbili nyekundu, zikionekana zote nyeupe rubani anajua yuko juu mno, na zote nyekundu zikimwambia yuko chini mno. Zikiunganishwa na mitambo ya redio inayoonyesha mstari wa katikati na mteremko wa kutua, taa hizo huiwezesha ndege kutua usiku na wakati wa mvua, na uwanja unaotumika saa zote ndio unaoweza kupokea ndege za mbali ambazo ratiba zao hupangwa na mahitaji ya Ulaya na Ghuba.

Serikali ilijaribu pia kuwavuta wasafirishaji kwa njia ya bei. Kuanzia mwaka 2016 ndege za kukodi zilizoleta watalii moja kwa moja Pwani zilisamehewa ada za kutua, na mashirika ya bei nafuu, hasa Jambojet iliyoanza safari mwezi Aprili 2014, yalipunguza nauli kati ya Nairobi na Mombasa kiasi cha kuwafanya wafanyakazi wa kawaida waweze kufikiria kupanda ndege.

Reli, barabara na ushindani wa jirani

Uwanja wa ndege hautengani na njia za ardhini, na kwa Taita Taveta jambo hili lina maana ya pekee. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, inaunganisha Nairobi na Miritini, si mbali na Port Reitz, na husimama Voi na Miasenyi, vituo vilivyomo ndani ya kaunti hii. Wengi walioogopa kwamba reli ingeyanyang'anya mashirika ya ndege abiria walikuwa na sababu, kwa kuwa nauli ya treni ni ndogo, lakini kwa mtu wa Voi reli hiyo imeuleta uwanja wa kimataifa karibu zaidi ya ulivyowahi kuwa.

Upande wa magharibi, barabara ya Mwatate hadi Taveta iliwekwa lami chini ya mradi wa kikanda uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaoiunganisha Voi na Holili na Arusha. Kutokana na hilo mfanyabiashara wa Taveta yuko chini ya kilomita 100 kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, Tanzania, uliofunguliwa mwaka 1971, ilhali Mombasa iko mbali zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Mpaka na ushuru bado vinamzuia kuutumia kwa urahisi, lakini kadiri Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyolegeza vizuizi hivyo, uwanja wa Mombasa utalazimika kuwatafuta wateja wa bara kwa ubora wa huduma, kwa sababu hautaweza tena kuwategemea kwa kukosa kwao njia nyingine.

Kipimo cha Werugha

Kwa mboga za milimani, tofauti kati ya kufika sokoni na kufika sokoni zikiwa zinafaa huamuliwa na baridi. Zao likivunwa huendelea kupumua na kupoteza maji, na joto huharakisha kuharibika kwake, hivyo wauzaji wa ng'ambo hutumia mnyororo wa baridi, yaani mfululizo usiokatika wa vyumba na magari yenye ubaridi tangu shambani hadi kwa mlaji. Mnyororo huo hukatika mara nyingi kabla ya kufika uwanjani, katika barabara za udongo zinazoteleza mvua inyeshapo, au mahali pa kukusanyia mazao pasipo na chumba cha baridi. Kabichi ya Werugha haitapanda ndege, kwa maana ni nzito na bei yake ni ndogo, na hata parachichi za Kenya husafirishwa kwa wingi kwa meli zenye makasha ya baridi. Lakini mazao mepesi yenye thamani kubwa, kama maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake, viungo vya majani na mboga ndogo ndogo, ndiyo yanayoweza kulipa gharama ya anga, na hewa ya baridi ya Dawida inayafaa.

Ndege za abiria zinazokwenda Ulaya, Uturuki, Ethiopia na Ghuba zina nafasi ya mizigo chini ya sakafu ya abiria, na nafasi hiyo ndiyo inayoweza kumfaa mkulima mdogo asiyeweza kujaza ndege nzima ya shehena. Ili aitumie, pahitajika mambo yaliyo nje ya uzio wa uwanja pamoja na yaliyo ndani yake: vyama vya ushirika vinavyokusanya mazao ya mashamba madogo hadi kufikia kiasi kinachouzika, wakaguzi wa afya ya mimea walio karibu, chumba cha baridi milimani au Voi, na ghala la baridi Port Reitz ambalo ada zake haziwashindi wadogo. Kiwanja kidogo cha Ikanga karibu na Voi nacho kina nafasi yake, si kwa kushindana na Mombasa, bali kwa kupokea wageni wa mbugani, ndege za madaktari na za doria, na kwa kuwapa vijana wa kaunti mahali pa kwanza pa kujifunza kazi za anga.

Katika karne hii moja na zaidi, viwanja vya Pwani na nyuma ya Pwani vimejengwa kwanza kwa haja za majeshi, kisha kwa haja za dola, kisha kwa haja za watalii, na kila mara wenyeji wamefaidika kwa kilichobaki. Lami mpya, taa mpya na mifereji mipya ya Port Reitz ni mali ya umma iliyokopewa fedha ambazo walipa kodi wa Werugha watazilipa sawa na wale wa Nyali, na kwa sababu hiyo wana haki ya kuuliza ni kitu gani kimekuwa rahisi zaidi kwao tangu kazi hiyo ikamilike. Siku ambapo mipango ya uwanja itaandikwa pamoja na mipango ya barabara za Wundanyi na vyumba vya baridi vya Voi, kwa bajeti zinazojuana na maofisa wanaokutana meza moja, swali hilo litakuwa na jibu linaloweza kuhesabiwa shambani, na Pwani itakuwa imepata, kwa mara ya kwanza, uwanja wa ndege uliopangwa kwa ajili ya watu wake wote.